Ritifaa

Wanachama mia nne na kumi na wawili, jalada la daftari linasema.
Mashine inasema mia tatu tisini na wanane.
Kesho saa nne asubuhi ni malipo ya asali
na mimi niko Sikonge, ofisi ya chama,
nahesabu pengo.

Kumi na wanne.
Si namba kubwa. Ni watu wa kujaza mabenchi mawili,
kila mmoja na deni lake dukani,
na mzinga wa gome aliopandisha mtini mwenyewe.

Kuuliza si ujinga, wanasema.
Waliosema hawajawahi kuuliza hifadhidata.
Nimeiambia: nipe wote wa Ipole.
Imenipa tisa.
Nimeandika tena Ipole, nikaacha nafasi tupu nyuma yake,
wakajitokeza ishirini na wawili wengine,
kwa kuwa mwandishi alipumzisha kidole gumba
na mashine ikaamini kuna vijiji viwili,
kimoja chenye kivuli.

Faili la kwanza nililipakia Jumatatu.
Lushinge alileta kilo kumi na nane na nusu;
Sizya akaandika 18,5 kwa mkato,
na faili lenyewe hutenganisha vitu kwa mkato.
Basi ile nusu ikaruka ua, ikaingia safu ya jirani,
jirani akamsukuma jirani,
mwisho kijiji cha Lushinge kikawa namba ya simu
na simu yake ikawa nta, daraja la pili.
Nilicheka peke yangu.
Halafu sikucheka.

Nimerudisha sifuri za mbele zilizomezwa
(simu bila sifuri yake, pesa itagonga wapi hodi?).
Nimeigeuza tarehe saba Aprili iwe nne Julai, kama ilivyozaliwa.
Nimefuta sifuri nyingine, zile za uongo:
palipoachwa wazi mtu alijaza sifuri ili faili lipite.
Lakini wazi si sifuri.
Wazi husema, sijui.
Sifuri husema, hakuleta kitu,
na Nyanzobe binti Kashindye alileta, nilimwona,
dumu moja kichwani, jingine mkononi,
nyuki mmoja bado anamfuata.

Saa tano usiku umeme umekatika.
Umerudi. Nimeanza upya.

Nimepita daftari kwa kidole, jina kwa jina.
Kumi na watatu nimewapata, na nikawasoma kwa sauti:
Ng'wandu. Ng'hwaya. Ng'washi. Kang'wa.
Kwa sauti ndipo waliponijibu.
Ritifaa!
Kile kialama juu ya jina, chembamba kama mguu wa nyuki.
Sisi tunakisikia puani.
Mashine inakiona mlango unaofungwa:
inasoma Ng, inadhani jina limekwisha,
inamkuta wandu amesimama nje, haimjui,
inautupa mstari mzima.
Walioiunda hawakuwa na babu aitwaye Ng'wandu.

Dawa ni ndogo: iandike mara mbili.
Mnyamwezi gani atashangaa?
Nani humtaja Kulwa akamwacha Doto?
Nimempa kila Kulwa Doto wake,
na mashine, kuona mapacha, ikafungua.

Wameingia kumi na watatu.

Wa kumi na nne hana kosa ninaloweza kulitaja.
Nimeuliza kwa kijiji, kwa kilo, kwa tarehe.
Kimya.
Nimerudi kwenye daftari, na ukurasa wa thelathini na moja
ni mzito kuliko wenzake. Nikaunusa.
Asali. Pembe ya chini imekunjwa, imegandana,
imefunika mstari wa mwisho sijui tangu lini.
Nimeibandua kwa wembe, polepole,
na ndani wino mzima kabisa:
Mihayo Igulu, kilo arobaini na moja.

Kwa kosa hili sijui amri yoyote.
Nimelamba kidole.
Nimemwingiza kwa mkono, herufi baada ya herufi.

Mia nne na kumi na wawili.
Kitufe cha mwisho bado kinanata.